Ndege wa Nyumba ya Eda

Nikiulizwa nilifanya nini katika miezi ya eda yangu, jibu la kweli ni kwamba nilimtazama ndege. Nililia pia, bila shaka. Nilisali, nilipika, nilisikiliza mawaidha ya wanawake waliokuja kunipa pole. Lakini hayo yote yalichukua sehemu ndogo tu ya siku, na siku ya mjane ni ndefu kuliko siku za watu wengine. Sehemu iliyobaki niliimaliza kwenye mlango wa jikoni, bega likiegemea mwimo, macho yakimfuata ndege ambaye hakuweza kukaa mahali pamoja hata kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai.

Hayo yalikuwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, katika miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri alionao sasa binti yangu wa mwisho, na ninapomwona akipaka kucha rangi huku akiimba siamini kwamba umri huohuo mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa na kufiwa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba viazi kutoka Molo, akavishusha sokoni, akarudi Molo usiku uleule, hivi kwamba katika ndoa yetu ambayo haikufikia miaka miwili nilizoea zaidi harufu ya sweta lake kuliko sauti yake. Msimu wa mvua za masika lori liliteleza kwenye tope la kona moja na kulala ubavu. Aliletwa mjini akiwa tayari amefunikwa.

Alikuwa mtu mpole. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani nilikuwa namkimbia. Sikuwa namkimbia yeye.

Kwetu Waislamu mke aliyefiwa hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, miezi ya mwandamo, katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Hajitii hina wala wanja wala manukato, hatoki ila kwa dharura, hazungumzi na wanaume wa kando, na hakuna anayeruhusiwa kumposa. Mama mkwe wangu alipanda treni kutoka Mombasa kuja kukaa nami. Alikuja na godoro lake, mikeka miwili, na mbuzi ya kukunia nazi, ingawa nazi zilizofika Nakuru siku hizo zilikuwa chache na nyingi zimeoza. Alivaa sweta la marehemu mwanawe juu ya leso mbili na hakuacha kulaumu baridi. Alilaumu baridi kama mtu anavyomlaumu jirani, kwa sauti, akiitazama.

Shauri langu lilikuwa limekatwa kabla matanga hayajaanuliwa. Nyumba yetu ilikuwa ya manispaa, imeandikwa kwa jina la mume wangu, na baada ya eda ingerudishwa. Shemeji yangu angekuja kwa treni kutuchukua, mimi na mama yake, tukaishi katika nyumba yao kubwa ya Mombasa. Shemeji huyo alikuwa hajaoa. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili katika sentensi moja mbele yangu, lakini pia hakuna aliyejisumbua kuyatenga.

Mimi nilitaka kubaki Nakuru nifundishe. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, jambo ambalo lilimgharimu baba yangu maneno mengi msikitini, na mwalimu mkuu wa shule ndogo ya wasichana nilikosoma, mama mtu mzima asiyependa kurudia kauli, alikuwa amempelekea baba salamu kwamba darasa la watoto wadogo lingekuwa bila mwalimu ifikapo muhula wa Septemba. Siku hizo za hali ya hatari mji ulikuwa umewazoea watu wanaohamishwa. Nyumba tatu za mstari wetu zilikuwa wazi tangu wenyewe, Wakikuyu, walipopakiwa kwenye malori asubuhi moja na kurudishwa walikoambiwa ndiko kwao. Sisi hatukuguswa, na nilikuwa nimezoea kutoguswa. Eda ndiyo iliyonifanya nizitazame nyumba zile kwa jicho jingine. Mtu mwenye kazi mjini alikuwa na hoja ya kubaki mjini, na asiye na kazi alikuwa mzigo unaongojea gari.

Basi nilizunguka. Chumba, jikoni, ua. Ua, jikoni, chumba. Mume wangu alikuwa ameuzungushia ua wetu mabati, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa ya pembeni, na ndani yake palikuwa na bomba, jiwe la kufulia na mpera mmoja. Mama mkwe alinisikia nikizunguka akaniambia kwamba sakafu ya watu nitaitoboa.

Ndege huyo aliletwa, kwa namna yake, na ukali wa mama mkwe. Wiki chache baada ya msiba, wafanyakazi wa afya wa manispaa walipita mstari kwa mstari wakiwa na mabomba mgongoni, wakipuliza dawa ya kuua wadudu katika vyumba, vyoo na nyua. Nyapara wao, mtu wa bara mwenye kofia ya chuma isiyokuwa na kazi yoyote, aligonga bati letu.

"Mama, fungua. Tunapuliza dawa."

"Humu mna mwenye eda," mama mkwe alimjibu bila kufungua. "Mwanamume haingii."

"Mbu hawajui eda, mama."

"Kama wewe usivyojua adabu. Pita."

Nyapara alicheka, akauliza basi arudi lini. Aliambiwa arudi mwezi utakapotaka. Nilimsikia akiwaeleza wenzake, kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya kwao, kwamba hapa pana mzee mkali kuliko dawa, kisha akachora alama ya chaki kwenye bati na kwenda zake. Hakurudi. Kwa siku kadhaa mstari mzima ulinuka dawa, nzi wakawa wanakufa kwenye madirisha ya jirani, wanawake wakawa wanafagia mende kwa ufagio. Kwetu kila kitu kiliendelea kuruka, kutambaa na kuuma. Jirani walituita hoteli ya mbu.

Sikuunganisha mambo wakati ule. Ilikuwa miaka mingi baadaye, nilipokuwa chuo kikuu, mtu mzima kati ya vijana, nikisoma kitabu cha elimu ya viumbe ambacho hakikuwa hata cha somo langu, ndipo nilipokumbuka kwamba ndege yule alitokea mara tu baada ya siku ile, na kwamba katika mstari wote ni ua wetu peke yake uliokuwa bado na chakula chake.

Alikuwa mdogo kuliko shomoro ukiuondoa mkia. Kichwa chake kilikuwa cheusi chenye mng'ao wa samawati, na jicho lilizungukwa na pete ya buluu nyepesi, kama amevaa miwani ya mtoto. Kifua kilikuwa kijivu. Mgongo, mbawa na mkia vilikuwa na rangi ya hina iliyolala mkononi usiku kucha ikakolea vizuri. Dume lilikuwa na manyoya mawili ya mkia marefu kupita mwili wake, yaliyomfuata angani kama utepe uliochomoka kwenye shada. Jike lilikuwa na rangi zilezile lakini mkia wa kawaida. Hatukujua jina lake. Mama mkwe, alipomwona dume akijipindua juu ya jiwe la kufulia, alisema huyu ni bwana harusi, na jina hilo likabaki. Mimi nilitazama hina ile, kisha mikono yangu mikavu iliyokatazwa hina, na nikaona kwamba nimefanyiwa mzaha na mtu nisiyemjua.

Namna yake ya kula haikuwa ya kudonoa chini kama kuku. Alitua kwenye kijiti, akatetemesha mkia, akageuza kichwa huku na huku, kisha akajirusha hewani, mdomo ukagonga kitu ambacho mimi sikukiona, akatua kwenye kijiti kingine. Akaondoka hapo pia. Sauti yake ya kawaida ilikuwa ya kukwaruza, kama mtu anayeita huku amekasirika, lakini asubuhi aliimba wimbo mfupi wa maji yanayomiminika, akaukata kabla haujakwisha. Nilingojea kila siku aumalize. Nadhani nilianza kusimama mlangoni kwa sababu hiyo, kisha nikashindwa kuacha. Kumtazama hakukunituliza hata kidogo. Kulinifanya nione jinsi ninavyoweza kusimama kimya huku kila kiungo kikitaka kuruka.

Baba alikuja kila Ijumaa baada ya sala. Alikuwa fundi cherehani, mwenye mashine yake kwenye baraza la duka la Mhindi, na alikaa kwenye kigoda kile kile karibu na mlango, akichuna nyuzi zilizonasa kwenye suruali yake. Nilimwambia nataka kazi ile. Alisema amesikia. Nilimwambia nataka aseme na mama mkwe.

"Nikuombe kwao kabla eda haijakwisha?" aliniuliza. "Nitasimama wapi mbele ya watu, binti yangu? Ngoja imalizike. Ukishamaliza una kauli yako."

"Na mwalimu atangoja?"

Alinyoosha uzi mmoja mwekundu juu ya goti lake na kuutazama. Nilielewa kwamba alitaka nibaki, na kwamba hangesema hivyo kwa sauti mpaka jambo lenyewe liwe limekwisha kutendeka.

Ndege walijenga kwenye panda ya tawi jembamba la mpera, mahali ambapo ningeweza kupafikia kwa kunyoosha mkono. Kiota kilikuwa na ukubwa wa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na kilisukwa kwa nyuzi za magome na kufungwa kwa tando za buibui. Tando hizo walizichukua chini ya paa letu. Mama mkwe alikuwa ameniamuru kuzifagia, maana nyumba ya msiba isiyofagiliwa husemwa, na mimi nilizifagia nusu na kuacha nusu. Siku ya tatu alisimama nyuma yangu, akamwona jike akivuta utando kwa mdomo na kwenda nao mperani, akautazama ufagio mkononi mwangu. Kuanzia hapo hakunitajia tena tando.

Waliatamia kwa zamu, jike kwa dume, na dume alipokaa mkia wake ulining'inia nje ya kikombe kile ukipepea. Mama mkwe alianza kukaa uani baada ya adhuhuri, juu ya mbuzi yake ya nazi, ambayo ilikuwa kiti kizuri kuliko vigoda vyetu. Paka wa jirani alipoingia chini ya bati, yule ndege mdogo alimshukia kichwani mara mbili, akipiga kelele, mpaka paka akajuta. Mama mkwe alicheka, mara ya kwanza tangu afike, kisha akajishika mdomo kana kwamba kicheko kilikuwa kimeibwa.

Halafu ikanyesha mvua ya mawe. Watu wa Nakuru wanaijua: mchana wa joto, wingu moja kutoka upande wa Menengai, na ghafla mabati yanapigwa ngumi. Tulijifungia ndani bila kusikizana. Ilipokwisha ua ulikuwa mweupe, nusu ya majani ya mpera yalikuwa chini, na kiota hakikuwapo. Mama mkwe aliokota maganda ya mayai kwenye barafu, meupe yenye vidoa vya kahawia, akayaweka kwenye kiganja na kuyasukuma kwa kidole kimoja. Dume alirudi kwenye panda tupu. Akatua, akaondoka, akarudi, akatua tena.

Nilimtazama mama huyu aliyevaa sweta la mwanawe na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba sote wawili tumefiwa na mtu mmoja, lakini mimi nimepewa siku ya kumaliza na yeye hakupewa. Hakuna eda ya mama. Angerudi Mombasa nayo, angezeeka nayo. Wazo hilo halikunifanya nitake kwenda naye. Liliniongezea tu shida ya kutotaka.

Ndege hawakukaa matanga. Haikupita wiki wakawa wanachomoa tando mahali pengine chini ya paa na kujenga upya, tawi la juu kidogo, karibu na shina. Niliona wivu, na niliwakasirikia. Walikuwa kama waliofiwa asubuhi na kuanza kazi jioni, na hakuna aliyewauliza kitu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kuhesabu mwisho wangu. Mume wangu alikufa mwezi wa Kiislamu ukianza, siku ya kwanza yake, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: miezi minne itimie, kisha siku kumi za mwezi wa tano. Kila kitu kingetegemea siku ambayo mwezi huo wa tano ungeandama. Baba aliniletea habari kwamba kamati ya shule ingekaa Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti kuwaona wanaotaka kazi, na kwamba kulikuwa na msichana mwingine kutoka Njoro. Kamati isingekaa mara mbili. Nilihesabu kwa vidole nikiwa nimegeukia ukuta. Mwezi ukiandama mapema, eda yangu ingekwisha Jumatano jioni. Ukichelewa kwa siku moja, Alhamisi yote ningekuwa bado ndani. Na Ijumaa asubuhi shemeji angeshuka kwenye treni.

Jioni ya mwandamo mvua ilikuwa imenyesha mchana na kuacha. Makinda ya kiota cha pili yalikuwa yametotolewa wiki ileile, nasi sote wawili tulikuwa kwenye mlango wa jikoni, tukimwangalia jike akileta kitu kidogo chenye mbawa na kukitia katika mdomo uliokuwa mpana kuliko kichwa chenyewe. Mawingu ya magharibi yalipasuka juu ya vilima vya Mau. Nilipoinua macho kupita kiota, kati ya majani, niliuona: mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala chali.

"Mama," nilisema, "mwezi ule."

Hakuinua uso. "Mimi natazama ndege," alisema.

Kesho yake maalim wa msikiti wetu alitangaza mwezi, kwa ushahidi wa watu wawili wa nyumba za reli waliouona kama nilivyouona mimi. Lakini siku ya pili yake mfanyakazi mmoja wa treni alifika na habari kwamba Mombasa anga ilikuwa imefunga mvua, hakuna aliyeona kitu, wakatimiza thelathini. Mambo hayo si mageni kwetu. Mpaka leo Waislamu wa mji mmoja husali Idi wakati wa mji mwingine bado wamefunga, wakapeana mkono na kutaniana. Ila safari ile tofauti ya siku moja ilikuwa imelala juu ya Alhamisi yangu.

Mtu atasema ningetoka tu, kwa kuwa nilikaa Nakuru na mwezi wa Nakuru ulionekana. Baba alilisema hilo, kwa sauti ndogo, akiwa tayari amesimama kuondoka. Lakini wazee wa kamati ya shule ndio hao waliosali safu ya mbele. Kama mama wa marehemu angepeleka neno moja msikitini kwamba mke wa mwanawe ametoka na eda shingoni, nani angenikabidhi watoto wa watu? Hata kama maalim angenitetea, wangechagua amani, na amani ilikuwa msichana wa Njoro. Funguo za Alhamisi zilikuwa kwa mama mkwe, na yeye alijua.

Siku zile kumi tuliishi kama watu wawili waliobeba sufuria moja ya maji yanayochemka. Aliniita mwanangu, nilimwita mama, tulipikiana. Alizungumza zaidi kuhusu ndege: kwamba makinda yameota manyoya, kwamba bwana harusi amekonda, kwamba kule kwao ndege hawana haraka hivi. Jumatano, baada ya sala ya alasiri, nilishindwa kuvumilia nikamwambia wazi kwamba eda yangu inakwisha jua likitua, na kesho nina mahali pa kwenda.

Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Mwanangu alizaliwa kwa mwezi wa Mombasa," alisema. "Siku zake zitahesabiwa kwa mwezi wa Mombasa."

"Alikufa kwa mwezi wa huku, mama."

Nilijuta neno hilo lilipotoka, ingawa hata sasa silijutii lote. Vidole vyake vilisimama ndani ya mchele. Nilingojea anitukane, maana matusi yangenipa ruhusa ya kukasirika, lakini alitoa jiwe dogo, akalitazama, akalitupa uani, akaendelea. Magharibi ilipoadhiniwa hakuna aliyeniambia kwamba nimemaliza. Nilioga, nikasali, nikajilaza na nywele mbichi. Sidhani kama nililala.

Asubuhi ya Alhamisi ilikuwa na baridi kali na ukungu mwembamba. Nilipotoka chumbani nimevaa buibui na viatu vyangu vya shule, nilivyovipaka mafuta ya kupikia kwa kukosa rangi, nilikuta mama mkwe ameketi uani juu ya mbuzi ya nazi. Alikuwa ameigeuza. Siku zote aliketi ubavu, akiuona mlango wa jikoni, mpera na bati la kutokea kwa pamoja. Leo aliketi akiuelekea mpera, na mlango wa kutokea ulikuwa nyuma ya mgongo wake kabisa. Makinda yalikuwa yamepanda ukingo wa kiota, yamebanana, yakipiga mbawa bila kuondoka.

Nilisimama. Ningeweza kusema siendi. Ningeweza pia kusema naenda.

"Leo wataruka hawa," alisema, bila kugeuka. "Mimi natazama ndege. Nitageuka jua likitua."

"Mama."

"Jua likitua," alisema tena.

Nilifungua bati kwa mikono miwili ili lisilie. Lililia.

Sikumbuki njia. Nakumbuka kwamba miguu haikujua kutembea bila kugeuka baada ya hatua chache, kama ilivyozoea ndani ya ua, na kwamba barabarani kila mtu alionekana kuwa na sauti kubwa mno. Baba alikuwa amesimama kwenye lango la shule akijifanya amepita tu. Kamati iliniuliza hesabu, ikanitaka nisome, na mzee mmoja, ambaye ndevu zake zilikuwa na hina nzuri kuliko ya ndege, aliuliza kama eda imekwisha.

"Imekwisha kwa mwezi wa Bondeni," nilisema.

"Na mkweo?"

"Nimemwacha nyumbani, mzee. Anatazama ndege."

Wazee walitazamana. Mwalimu mkuu, ambaye hakupenda kupoteza muda, alisema basi hakuna aliyelalamika, na kuuliza kama kuna swali jingine. Msichana wa Njoro alikuja baada yangu. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, nilikuja kuuona baadaye, na nimewahi kujiuliza alikwenda wapi. Tuliambiwa tungojee barazani. Jua lilikuwa limekwisha kupinda nilipoitwa na kuambiwa nije siku ya kufungua shule.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa palepale. Hakuwa amepika. Mkeka wa kusalia ulikuwa umekunjwa karibu na miguu yake, na ni huo tu uliokuwa umeondoka mahali pake. Kiota kilikuwa kitupu. Mahali fulani nje ya bati, kwenye miti ya nyumba zile zilizo wazi, nilisikia sauti ile ya kukwaruza, na nyingine nyembamba zikiijibu. Nilipita nyuma yake kwa kunyata, kama mwizi katika nyumba yangu mwenyewe, nikavua buibui, nikawasha moto. Tulikaa hivyo, yeye na mgongo wake, mimi na sufuria, mpaka jua likashuka nyuma ya Mau na adhana ikasikika kutoka msikitini. Ndipo alipogeuka. Aligeuka mwili mzima, pamoja na kiti.

"Eda yako imekwisha, mwanangu," alisema. Kisha, baada ya kunitazama usoni: "Wameruka wote. Mmoja alianguka, akapanda tena."

Hakuuliza nilikokwenda, wala sikumwambia. Shemeji alipofika Ijumaa, mama yake ndiye aliyemweleza, nikiwa jikoni, kwamba mke wa nduguye ana kazi ya watoto wa shule na atahamia kwa babake, na kwamba asianze maneno kwa sababu yeye amechoka na baridi. Shemeji hakuanza. Sikupata kujua kama alifarijika au aliumia. Alikunywa chai vikombe viwili na kusifu mkate.

Mimi na baba tuliwasindikiza stesheni siku iliyofuata. Godoro lilipanda, mikeka ikapanda. Mbuzi ya nazi aliniachia, akisema ni nzito, nami ninayo mpaka leo, meno yake yamelika. Nilisimama chini ya dirisha lake kumuaga na nilimwona amekaa wima, amekaza macho mbele, na nikadhani kwamba hatimaye ameamua kunionyesha hasira. Nilimwita. Hakunigeukia. Treni ilipoanza kusogea ndipo alipotoa mkono nje ya dirisha, akapapasa hewani mpaka ukanipata begani, akasema, uso ukiwa bado mbele:

"Shingo imekaza tangu juzi. Hii baridi yenu."